Kreatinini 138: kesi ya protini na figo za mnyanyua vyuma

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34, mfanyakazi wa ghala Dar es Salaam, uzito kilo 96, urefu sentimita 178, ana miaka saba akinyanyua vyuma. Hajawahi kulazwa. Miguu haimvimbi, mkojo wake hauna damu wala povu lisilo la kawaida, usingizi anaupata. Kilichomleta ni karatasi. Mwajiri aliwapeleka wafanyakazi wote kupimwa afya, na majibu yake yakarudi na mistari mitatu iliyopigwa wino mwekundu: kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) mikromoli 138 kwa lita, kiwango cha figo kuchuja damu 59, na kimeng'enya cha AST 71. Pembeni mtu aliandika kwa mkono: "Figo, hatua ya 3. Ini pia. Aache protini."

Kisa hiki nimekiunda kwa ajili ya kufundishia, kwa mambo yanayojirudia kliniki kila mara, kwa hiyo usimtafute mtu huyu jimu ya jirani. Namba zake lakini zinaoana, na mwenye kupenda hesabu anaweza kuzipitisha mwenyewe kwenye CKD-EPI, fomula inayokisia uchujaji wa figo.

Kabla hajafika kwangu, watu watatu walikuwa wameshatoa hukumu. Kocha wake alimwambia maabara hazijui miili ya wanamichezo, anywe maji lita sita kwa siku na aendelee. Mama yake alilichukua kopo la unga wa protini akaliweka nje pamoja na taka. Wa tatu alimuuzia dawa ya mitishamba ya "kusafisha figo" kwenye chupa ya soda ya lita moja na nusu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Katika wote hao hakuna aliyempima presha, na hakuna aliyemuuliza anakunywa dawa gani nyingine.

Chupa ile ya mitishamba ndiyo kitu cha kwanza nilichomwomba aache, siku hiyohiyo. Figo inayoshukiwa haihitaji kimiminika ambacho hata aliyekiuza hawezi kusema kina nini. Yale maji ya lita sita nayo hayasafishi chochote. Mtu mwenye figo nzima anywe maji kadiri ya kiu na jasho, mkojo uwe wa manjano hafifu, basi. Kujilazimisha zaidi ya hapo kunaweza kushusha chumvi ya damu, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Sahani yake

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Hebu nieleze jana umekula nini, tangu ulipoamka."

Alianza kwa kusitasita, kama mtu anayetegemea kugombezwa. Asubuhi mayai ya kuchemsha, meupe manane na mazima mawili. Unga wa protini skupu moja asubuhi, nyingine baada ya tizi. Mchana kifua cha kuku kama robo kilo, wali na maharage. Usiku nyama choma na ugali. Kila siku kijiko cha kreatini, unga wa kuongeza nguvu ya misuli, gramu 5.

Tulijumlisha pamoja. Mayai yalitupa gramu 41 hivi za protini, unga 48, kuku 75, nyama choma 50, maharage na nafaka kama 30. Jumla ni karibu gramu 245 kwa siku, yaani gramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa kinamtosha mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.83 kwa kilo, ambazo kwake ni 80. Mnyanyua vyuma anahitaji zaidi ya hapo, hilo halina ubishi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 za watu wanaofanya mazoezi ya uzito ulikuta kwamba faida ya protini kwenye misuli inafika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Kwa huyu bwana ni gramu 154.

Kwa hiyo gramu 90 hivi za kila siku hazikuwa zinajenga kitu. Mwili hauna ghala la protini ya ziada: unaichoma kama nishati, ini linageuza nitrojeni yake kuwa yurea, figo zinaitoa. Alikuwa ananunua nyama kwa kazi ambayo ugali ungeifanya. Hilo ni suala la mfuko wake, na nilimwambia hivyo. Suala la figo ni tofauti.

Kreatinini inatoka wapi

Misuli huhifadhi kreatini kwa ajili ya nguvu ya haraka, ile ya sekunde chache unapoinua chuma kizito. Takriban asilimia 2 ya akiba hiyo huoza yenyewe kila siku na kuwa kreatinini, ambayo haina kazi tena. Inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, inatoka na mkojo. Kiwango chake kwenye damu kinategemea mambo mawili: ni kiasi gani kinaingia na ni kiasi gani kinatoka. Maabara inapima kilichomo, kisha fomula inakisia kilichoingia kwa kuangalia umri na jinsia yako tu. Haijui kwamba mkono wako una mzingo wa sentimita 41.

Jamaa huyu alipimwa Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni alikuwa amefanya mazoezi ya miguu, mazito, akamalizia na nyama choma kwa marafiki. Jumatatu akapita kwa mama ntilie akanywa supu ya ng'ombe kabla ya kupanda gari la kazini. Kwenye foleni ya kutolewa damu alikuwa amebeba vitu vinne vinavyopandisha kreatinini bila kuigusa figo: misuli mingi, kreatini ya kopo, nyama iliyopikwa, na tizi la jana yake. Nyama iliyopikwa watu wengi hawaifahamu. Moto hugeuza sehemu ya kreatini ya nyama kuwa kreatinini, nawe unaila ikiwa tayari, na mlo mmoja unaweza kupandisha kipimo kwa mikromoli 20 hivi ndani ya saa chache.

Kreatini ya kopo ina ushahidi wake wa kupendeza. Mwaka 2010 watafiti wa Brazili waliripoti kijana wa miaka 20 mwenye figo moja tu, anayekula gramu 2.8 za protini kwa kilo. Walimpa kreatini gramu 20 kwa siku kwa siku tano, kisha gramu 5, jumla siku 35. Kreatinini ya damu ilipanda, na fomula ingesema figo yake inaanguka. Walipopima uchujaji wenyewe kwa kemikali maalum inayofuatiliwa kwenye damu, haukubadilika. Ni mtu mmoja na ni mwezi mmoja, sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo. Lakini linaonyesha wazi jinsi kipimo na figo vinavyoweza kwenda njia mbili.

Ile AST 71 nayo ilikuwa ya misuli. Kimeng'enya hicho kimo kwenye ini, kimo pia kwenye misuli, na baada ya mazoezi mazito kinavuja. Baada ya siku chache za kupumzika kilirudi 27. Ini lake halikuwa na neno.

Kuna jambo la fomula yenyewe ambalo kwa sisi wa huku lina uzito. Toleo la mwaka 2009 lilikuwa na nyongeza kwa watu weusi, kwa dhana kwamba wana misuli mingi zaidi. Kwa toleo hilo jamaa angepata 66 na karatasi isingepigwa wino. Toleo la 2021 limeondoa nyongeza, akapata 59. Unaweza kudhani basi kwamba nyongeza ilikuwa inatufaa. Hapana. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini ambapo uchujaji ulipimwa moja kwa moja, na ikaonekana kwamba fomula za kreatinini zilizifanya figo za watu wengi zionekane nzima kuliko zilivyo, na nyongeza ile ilizidisha kosa. Mama wa miaka 60 mwenye kilo 45 na kreatinini 90 anapewa 63 na fomula, wala hakuna anayeshtuka. Misuli yake ni michache, kreatinini inayoingia ni kidogo, na huenda figo zake zina hali mbaya kuliko za huyu bwana wa vyuma. Wino mwekundu ulimwendea asiyeuhitaji. Mimi huyo mama ndiye anayeninyima usingizi.

Na hata kama 59 ingekuwa ya kweli (hatua ya 3 huanzia chini ya 60), hakuna anayepewa "hatua ya 3" kwa kipimo kimoja. Ugonjwa sugu wa figo unahitaji dalili idumu zaidi ya miezi mitatu.

Kipimo cha pili

Nilimwomba aache kreatini kwa wiki sita, kwa sababu akiba ya misuli inachukua karibu mwezi au zaidi kushuka. Siku tatu za mwisho asinyanyue kitu, jana yake asile nyama wala samaki, aje hajala. Niliongeza sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote za mwili, hivyo haijali sana ukubwa wa misuli wala ulichokula. Haipatikani kila maabara na inagharimu zaidi, sampuli yake ilibidi isafirishwe. Nayo ina vurugu zake: tezi ya shingo ikiwa na hitilafu, unene mkubwa, sigara na dawa za aina ya prednisoloni huisogeza.

Kreatinini ilirudi 112, ambayo fomula inaitafsiri kuwa 76. Sistatini C ilikuwa 0.88, ambayo peke yake inatoa 102. Fomula inayounganisha zote mbili, na ndiyo ambayo mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unaipendelea pale inapowezekana, ilitoa 91. Figo zilikuwa zinachuja vizuri.

Visa vingi vya namna hii vinaishia hapa. Mgonjwa anapeana mkono na daktari, kocha anashinda ubishi, protini inaachiwa huru. Mimi nilikuwa na mambo mawili mezani ambayo hayahusiani na kreatinini hata kidogo.

Mkanda wa presha

Muuguzi alimpima kwa mkanda wa kawaida akapata 162 juu ya 100. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya kwenda juu, kwa sababu unahitaji kujazwa hewa nyingi zaidi ili uubane mshipa. Tulitafuta mkanda mkubwa, tukamkalisha dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, bila kuongea: 148 juu ya 94. Nilimwazima mashine aende nayo nyumbani, apime asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Wastani ulikuwa 143 juu ya 91. Nyumbani presha inahesabiwa kuwa juu kuanzia 135 juu ya 85.

Miaka 34, hana kitambi cha kuonekana, anabeba magunia na vyuma, ana presha. Wanyanyua vyuma wengi wanaamini kwamba mwili uliojengeka ni kinga. Mwili wa kilo 96 ni mzigo kwa moyo hata ukiwa wa misuli, na chumvi ya nyama choma, supu na viungo vya mchemraba haijali kama una sikspaki.

Begi la jimu

Kwenye fomu ya kliniki, mahali pa "dawa unazotumia", aliandika "hakuna". Siku ya pili alikuja moja kwa moja kutoka tizini na begi lake. Nilimwomba, kama hatojali, alifungue. Mkanda wa kiuno, glovu, taulo, chupa ya maji, na pakiti ya diklofenaki miligramu 50 iliyobaki vidonge vinne.

"Hii ya nani?"

"Ya magoti hiyo, dokta. Siku za miguu nakunywa viwili kabla, na kesho yake asubuhi kimoja."

"Tangu lini?"

"Mbona ni siku nyingi. Miaka miwili, mitatu hivi."

"Mbona hukuiandika?"

"Si dawa hiyo, ni ya maumivu tu."

Huo mstari wa mwisho nimeusikia kwa wakulima, makondakta, walimu na wanajeshi wastaafu. Vidonge vya maumivu vinauzwa kila duka la dawa bila swali, na mtu havihesabu. Figo inavihesabu. Mshipa mdogo unaoleta damu kwenye kila kichujio cha figo unabaki wazi, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji, kwa msaada wa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzizuia kemikali hizo. Sasa mweke mtu kwenye jimu isiyo na kiyoyozi, mwezi wa pili, Dar es Salaam, akitoka jasho saa moja na nusu, vidonge viwili tumboni. Zaidi ya hapo, dawa hizi hushika chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Kwa hiyo ile 143 juu ya 91 huenda sehemu yake ilikuwa inatoka kwenye pakiti ile.

Kuhusu sindano za kukuza misuli nilimuuliza mlango ukiwa umefungwa, mama yake akiwa nje. Alisema rafiki zake wawili wanatumia, yeye hajawahi. Wingi wa chembe nyekundu za damu yake, ambao sindano hizo huupandisha, ulikuwa asilimia 46, wa kawaida, na mengine mwilini hayakunifanya nimtilie shaka. Lazima swali hili liulizwe, maana hapa ndipo figo za wajenga misuli zilipoharibika kweli mbele ya hadubini. Madaktari wa New York walichapisha kisa cha wajenga misuli 10 waliotumia steroidi kwa muda mrefu: vichujio vya tisa kati yao vilikuwa na makovu, na wastani wa protini iliyovuja kwenye mkojo ulikuwa zaidi ya gramu 10 kwa siku. Mmoja alirejea kwenye sindano na ugonjwa ukarudi. Watu hao walikuwa wanakula protini nyingi pia, na walikuwa na miili mizito mno. Ukitaka kuisingizia protini unaweza, lakini steroidi zimesimama mlangoni na kisu mkononi.

Mkojo

Ujiti wa mkojo wa kule kazini ulisema hakuna protini. Ujiti huo unaweza kupitwa na kiasi kidogo cha albumini, protini ya damu ambayo figo nzima huizuia isitoke, hasa mkojo ukiwa mwepesi wa mtu anayejaza lita sita. Niliomba uwiano wa albumini kwa kreatinini. Sampuli ya kwanza aliitoa jioni baada ya tizi, ikaja 74. Hiyo sikuiamini, kwa sababu mazoezi makali yenyewe huvujisha albumini kwa siku moja au mbili. Ya pili ilikuwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, baada ya mapumziko ya siku tatu: 48. Miezi mitatu na nusu baadaye, kwa masharti yaleyale: 44.

Kawaida ni chini ya miligramu 30 kwa gramu. Kati ya 30 na 300, ikidumu zaidi ya miezi mitatu, ni alama ya jeraha la figo hata kama uchujaji ni 91. Kwa hiyo mwandishi wa ule wino mwekundu alikosea hatua, akakosea sababu, akakosea kipimo, na bado kulikuwa na kitu. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 5.6. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B hana. Mkojo haukuwa na damu, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia kwenye maeneo ya kichocho lazima uliangalie. Ultrasaundi ilionyesha figo mbili za ukubwa mzuri. Sikuona sababu ya kumchoma sindano ya kuchukua kinyama cha figo kwa albumini ya 44.

Hukumu yangu ni presha na diklofenaki, kwa mpangilio ambao siwezi kuuapia.

Protini inasimama wapi

Tuhuma dhidi ya protini si uzushi wa vijiweni. Mwaka 1982 Barry Brenner na wenzake wa Boston waliandika kwamba protini nyingi hufanya kila kichujio cha figo kichuje kwa nguvu zaidi, na kwamba shinikizo hilo la miaka mingi ndilo linaloleta makovu. Sehemu ya kwanza ni kweli: baada ya mlo wa nyama uchujaji hupanda. Sehemu ya pili ilisimama zaidi kwenye panya waliokatwa sehemu kubwa ya figo. Kutoka kwa panya huyo hadi kwa kijana mwenye figo mbili nzima kuna safari ndefu.

Walipopimwa watu, picha ikagawanyika vizuri. Utafiti wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wanawake 1,624 kwa miaka 11. Wenye figo nzima, protini nyingi haikuhusiana na kushuka kwa uchujaji. Waliokuwa tayari na figo zilizopungua nguvu kidogo, kila nyongeza ya protini iliendana na kushuka zaidi, hasa protini ya nyama. Mwaka 2018 majaribio 28 yenye watu 1,358 yaliunganishwa, na mabadiliko ya uchujaji kati ya waliokula protini nyingi na waliokula ya kawaida hayakutofautiana. Na kwa wanyanyua vyuma hasa, kuna wanaume 14 wa Florida waliokula gramu 2.5 hadi 3.3 kwa kilo ndani ya jaribio la mwaka mzima, bila vipimo vya figo wala ini kuharibika.

Wapenda vyuma huunukuu utafiti huo wa mwisho kama aya ya kitabu kitakatifu. Ni watu 14, wazima, waliochaguliwa kwa uzima wao, na ni mwaka mmoja. Figo inaweza kuchukua miaka 20 kuharibika kimyakimya. Nikiambiwa nichague, naamini gramu 2 kwa kilo hazimdhuru kijana mwenye figo nzima. Shida ni neno "nzima". Kaskazini mwa Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, mjini wakiwa wengi kuliko vijijini kwa mbali, na karibu wote hawakuwa na habari. Kila anayesema "mimi figo zangu nzima, nakula ninavyotaka" anasema jambo ambalo kwa kawaida hajalipima. Vipimo vyenyewe ni vitatu: presha, kreatinini, na albumini ya mkojo wa asubuhi. Pesa yake yote haifiki bei ya kopo moja la unga.

Kwa jamaa huyu basi, ruhusa ilibadilika. Sikuamini kwamba protini ndiyo iliyomvujishia albumini, lakini kwa kuwa inavuja, mwongozo wa KDIGO unamtaka mtu mwenye ugonjwa wa figo ulio katika hatari ya kuendelea akae chini ya gramu 1.3 kwa kilo. (Zile gramu 0.8 ambazo watu hupenda kumtwisha kila mgonjwa ni za walioshuka chini ya 60.) Kwake 1.3 ni gramu 125. Tuliondoa skupu zote mbili, mayai meupe yote manane, na nusu ya kuku. Siku tatu kwa wiki nyama choma ikapisha choroko au maharage. Alinung'unika sana kuhusu mayai kuliko nilivyotegemea. Nikampigia hesabu: kutoka 154, ambazo ndizo zina faida, kwenda 125, alichopoteza ni kipande cha kuku.

Diklofenaki iliisha siku ileile. Kwa magoti alipewa parasetamoli pale inapobidi, na mtaalamu wa fiziotherapia alimkuta akichuchumaa na kilo 160 huku visigino vikinyanyuka sakafuni. Nilimwanzishia losartani miligramu 50, inayoshusha presha na kupunguza uvujaji wa albumini kwa pamoja, na nilirudia kreatinini na potasiamu baada ya wiki tatu. Hapa kuna onyo ambalo nilimwandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa: losartani na diklofenaki pamoja, kwa mtu aliyetoka jasho, ni njia ya uhakika ya kuiangusha figo kwa siku chache. Kabla ya losartani pakiti ile ilikuwa tabia mbaya. Sasa ni hatari.

Baada ya miezi tisa presha ya nyumbani ni 126 juu ya 80. Albumini ni 21. Kreatinini ni 114, sistatini C 0.89. Uzito kilo 92. Benchi bado anasukuma kilo 120, miguu imepungua kidogo na ananilaumu mimi.

Nani apewe sifa? Tulibadilisha dawa ya maumivu, presha, chumvi na protini kwa mpigo, kwa hiyo hakuna wa kujitapa. Losartani peke yake ingeweza kuishusha albumini hiyo. Mama yake anaamini ni kopo alilolitupa, na sijajaribu kumtoa kwenye imani hiyo kwa kuwa inamfanya amsimamie mwanawe kwenye chumvi.

Limebaki ombi moja. Anataka kurudia kreatini, gramu 3 kwa siku. Sina ushahidi kwamba ingemdhuru. Ila ingeharibu kipimo ninachomfuatilia nacho kila baada ya miezi sita, na sistatini C hawezi kuilipia kila mara. Tumekubaliana asubiri hadi albumini ikae chini ya 30 kwa vipimo viwili vinavyofuatana, kisha kama bado anaitaka aianze, tupime mwezi mmoja baadaye ili tupate kianzio kipya, na kila maabara atakayokwenda aseme kabla hawajamtoa damu kwamba ananyanyua vyuma na anatumia kreatini. Kipimo kijacho ni Alhamisi, mkojo wa kwanza wa asubuhi, na Jumatano hakuna miguu.